Walininyoa, Nikaenda Kupulizia Salfa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mkono wangu huenda wenyewe kichwani kupapasa kama nywele zipo. Zipo. Zimeingia mvi sasa, lakini zipo. Siku hiyo nilikalishwa kwenye kigoda mbele ya ghala la korosho, mchana kweupe, kitongoji kizima kikitazama, na mwanamume nisiyemjua akanimwagia maji kichwani na kuninyoa kwa wembe mpaka ngozi. Kosa langu lilikuwa kwamba mikorosho yangu ilizaa.

Nitakueleza ilivyokuwa, na watu nitawataja. Kijiji sikitaji. Kiko upande huu unaoelekea mdomo wa Ruvuma, inatosha. Kijiji hakina kosa, ardhi haijawahi kumshika mtu kichwa ikamnyoa. Walionishika ni watu, na wana majina. Bakari, mtoto wa mama yangu mkubwa. Salumu, aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji. Na huyo mwenye wembe, aliyejiita Dokta Chimbuli. Wawili wako hai, na wakisomewa haya watajijua.

Usitegemee maneno ya kisomi kutoka kwangu. Niliishia darasa la nne, nikatolewa kwenda unyago, nilipotoka nikaolewa, shule nikaisikia tu kengele yake kwa mbali. Nilipofika miaka ishirini na kitu nilikuwa nimeachika, nina mtoto mdogo, na mama yangu amefariki. Aliniachia shamba la mikorosho. Kwetu shamba hufuata ukoo wa mama. Bakari na mimi mama zetu ni tumbo moja, kwa hiyo kama mimi nisingekuwepo, shamba lingekuwa lake. Hilo liweke akilini, maana mengi yaliyofuata yalianzia hapo.

Msimu wangu wa kwanza maua yalitoka, nikafurahi. Baada ya muda yakaota unga mweupe kama mtu ameyanyunyizia sembe, kisha yakawa meusi, yakadondoka. Nikaokota korosho za kujaza ungo. Nikaenda nikilia mpaka kwa mjomba wangu, Mzee Athumani, ambaye sisi kwa kilugha chetu tunamwita njomba. Nilimkuta anaziba pancha ya baiskeli yake, tairi liko ndani ya beseni la maji.

“Njomba, nimerogwa.”

“Umerogwa.” Hakuinua macho, anatafuta pale panapotoa mapovu.

“Maua yote yameungua. Ya mama yalikuwa hayaungui.”

“Mama yako asubuhi alikuwa anakwenda wapi?”

“Shambani.”

“Na weye?”

Nikatazama lile beseni.

“Sema tu. Mchawi yuko mbali, hatusikii.”

“Namwogesha mtoto. Napika uji. Nafagia.”

“Shambani umekwenda lini?”

“Wakati wa kuokota.”

Hapo ndipo akaniangalia. “Basi mchawi wako ni mtu mwema sana. Majani yamekufika kifuani, matawi yamelala chini, jua haliingii, na bado amekuachia za kujaza ungo. Mimi ningekuwa mchawi, ningekunyima hata hizo.”

Niliona uchungu, mwanangu. Nilikwenda kutafuta mtu wa kunihurumia, nikapata mtu wa kunihoji. Lakini alipomaliza kuziba pancha aliniita nikae, akasema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo. Akasema, “Mimi sijui kama uchawi upo au haupo. Sijauona, na sitabishana na asiyeuona mwenzangu. Ninachojua ni kwamba uchawi siwezi kuupogolea, na matawi naweza. Anza na unaloweza. Ukilimaliza lote, na maua bado yanaungua, rudi hapa, tutakwenda wote kumtafuta huyo mchawi.”

Sikurudi. Si kwamba nilikuwa na msimamo, la. Lile ninaloweza halijawahi kwisha.

Zamani njomba alifanya kibarua kwenye mashamba ya majaribio ya korosho kule Naliendele. Akanipakia kwenye baiskeli, akanipeleka. Tulimkuta bwana shamba mmoja, kijana kutoka Iringa, Kimakonde hajui hata salamu. Akachuma kishada cha maua, akakigeuza chini juu, akanionyesha unga ukiwa bado mchanga, kama kivuli tu. Akasema, “Huu ni ugonjwa, dada. Unapenda baridi ya asubuhi. Ukiuwahi hivi, dawa ya salfa inauzuia. Ukisubiri uuone kwa mbali, umeshachelewa.” Na salfa hiyo, akasema, ipulizwe alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, ili unga wake ushike. Jua likipanda unapeperuka tu, unapulizia hewa.

Tulirudi. Msimu ulipokwisha nilipogolea, nikafyeka, mikono ikatoka malengelenge. Nikauza mbuzi wa mama nikanunua salfa. Mashine ya kupulizia ya injini sikuwa nayo, na wenye nazo walikuwa wachache. Njomba akachukua mwanzi mrefu, akafunga mfuko wa kitambaa chepesi kwenye ncha yake, tukajaza salfa humo. Unaunyanyua mpaka kwenye maua, unautikisa, unga unashuka kama moshi. Unga ule unawasha macho na kukereketa kifua, kwa hiyo tulijifunga vitambaa uso mzima, tukabakiza macho. Mimi nilivaa shuka jeupe kuukuu la mama juu ya nguo zangu. Tukimaliza, mimi na njomba, tunafanana na watu waliotoka kwenye mashine ya kusaga.

Mwaka ule mikorosho ilizaa. Niliokota, nikaanika, nikajaza magunia, na ghalani waliipokea korosho yangu daraja la kwanza. Nilifikiri watu watakuja kuniuliza nimefanyaje. Mjinga mimi. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Waliulizana wao kwa wao.

Bakari ndiye aliyeleta jibu. Shamba lake lilipakana na langu, na majani yake yalikuwa yanavuka mpaka kunisalimia. Yeye mchana alikuwa barazani anacheza bao, na kusema kweli alikuwa mchezaji mzuri, sitamnyima hilo. Asubuhi moja, wakati wa kupulizia mwaka ule, alikuwa anatoka msibani kijiji cha pili, akakatisha njia karibu na shamba langu mapema, bado kuna ukungu. Akaona watu weupe, hawana nyuso, wamebeba miti mirefu, wanakwenda taratibu kati ya mikorosho. Hakuita. Hakusogea. Alikimbia mpaka barazani akasema, “Hadija analimiwa na mandondocha.”

Kama wewe si wa kwetu, mandondocha ni wafu ambao watu husema mchawi huwatoa kaburini kuwafanyisha kazi shambani kwake, hawaongei, hawachoki, hawalipwi. Neno likizunguka huwa halirudi kama lilivyotoka. Kwanza walikuwa wawili. Kisha wakawa wengi. Kisha mtu mmoja akasema kwamba yule mwembamba aliyevaa shuka ni mama yangu.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, mwanangu, na sitakudanganya kwamba umekwisha. Nywele ni nywele. Lakini kusema kwamba nimemchimbua mama yangu niliyemwosha kwa mikono yangu, nikamsimamisha kwenye umande anitikisie mwanzi! Mtoto wangu alikuwa anafukuzwa kisimani na watoto wenziwe, “Bibi yako anakuita shambani.” Watu niliokula nao wakaacha kuonja chakula changu.

Maua ya msimu uliofuata yalipoanza kuchomoza, ya Bakari yakawa yameshaanza kupakwa unga. Yeye na Salumu wakazunguka nyumba kwa nyumba kuchangisha ili aletwe Chimbuli, mtu wa kunyoa wachawi, aliyekuwa anasifika vijiji vya juu. Salumu alikuwa kiongozi, anajua vizuri kwamba mambo hayo yamekatazwa. Nilimfuata nyumbani kwake nikamwambia, “Mwenyekiti, weye ndiye serikali yetu hapa.” Akasema, “Serikali haitaki, lakini wananchi wametaka. Mimi nitafanyaje?” Nimelibeba jibu hilo miaka yote. Mtu amepewa kiti ili afanye jambo, na siku ya kulifanya anamuuliza mwanamke aliyekuja kuomba msaada eti yeye atafanyaje.

Siku moja kabla Chimbuli hajafika, njomba alikuja jioni nikiwa nasonga ugali. Akasema kama nataka kuondoka, kesho asubuhi atanipeleka Mtwara mjini, kwa dada yangu wa upande wa baba anayekaa Chuno.

“Nikiondoka, shamba?”

“Bakari ataingia kesho hiyo hiyo. Atasema umekimbia kwa sababu ni kweli.”

“Nikibaki?”

“Watakunyoa. Wanaweza wakakupiga.”

“Wewe unasemaje, njomba?”

Alisukuma kuni motoni. “Hili siwezi kukuamulia. Nikikuamulia, likiharibika utasema njomba ndiye aliyetaka, na likienda sawa hutajua ulifanya nini. Amua. Mimi nitasimama upande wako, uamue lolote.”

Nilimchukia usiku ule, nakwambia kweli. Nilitaka mtu mzima anishike mkono. Lakini kwa kuwa alikataa, ikabidi nifikiri mwenyewe, na nilipoanza kufikiri hofu ikapungua, kwa sababu ilibidi ikae pembeni ipishe hesabu. Wanataka nini hawa? Wengi wao wanataka kuona wembe tu, warudi nyumbani wameridhika. Mmoja anataka shamba. Nywele zitaota. Na maua ndiyo kwanza yamefunguka, wiki hii ndiyo ya salfa, nikienda Chuno kukaa hata kidogo tu, nitarudi nikute meusi. Kwa hiyo nilibaki. Usiniite shujaa. Nilibaki kwa sababu ya maua.

Basi siku ikafika. Kigoda mbele ya ghala, watu wamejaa kama siku ya mnada. Chimbuli alikuwa kijana kuliko nilivyodhania, amevaa kanzu fupi na miwani ya jua, ana kioo kidogo cha kujitazamia, akakielekeza kwenye shamba langu kisha akakielekeza kwangu.

“Nawaona,” akasema. “Kuna mwanamke mtu mzima. Amechoka. Anaomba apumzike.”

Watu wakaguna. Nilitaka kumrukia. Njomba alinishika kiwiko, akakibana mpaka nikasikia maumivu, nikakaa.

Salumu akasema kwa sauti ya kubembeleza, “Tulia, mama, hii ni kinga tu, hata wewe itakufaa.”

Bakari hakuwa na subira. “Na shamba je? Likibaki mikononi mwake si atarudia? Mimi nasema, akishanyolewa, shamba lije kwangu, nilitunze kwa niaba ya ukoo.”

Njomba akasogea mbele, mpole kama mtu anayeuliza bei. “Dokta, nisaidie, mimi mzee sielewi. Ukishamnyoa huyu, wale wa shambani wanabaki?”

“Hawabaki. Wanaondoka leo leo.”

“Wote?”

“Wote, mzee. Wembe huu haubakishi.”

“Kwa hiyo shamba litakuwa halina kitu.”

“Halina. Hata msimu huu halitazaa, mtaona wenyewe.”

Njomba akamgeukia Bakari. “Umesikia, baba. Halitazaa. Sasa unalitakia nini shamba lisilozaa? La kwako moja halikutoshi?”

Watu wakacheka. Walikuja kuninyoa, lakini walicheka, kwa sababu shamba la Bakari kila mtu analijua. Bakari akarudi nyuma ya watu. Nami nikasimama nikasema, “Nyoeni. Shambani sitoki.”

Wakaninyoa. Wembe ulinikata juu ya sikio, damu ikashuka shingoni. Na Somoe, mke wa Bakari, alipiga vigelegele. Naye namtaja. Anajua, tumeshaongea.

Asubuhi yake nilikwenda shambani. Kichwa kilikuwa chepesi na baridi, na salfa ilipogusa ule mkato niliruka kama nimeng’atwa na siafu. Nililia chini ya kitambaa, kamasi na machozi na unga, huku natikisa mwanzi. Njomba hakuniambia nyamaza. Yeye alikuwa upande wake na mwanzi wake. Tulipulizia mpaka umande ukakauka. Maua hayakuwa na habari kwamba nimenyolewa, yalitaka salfa yake kama jana.

Basi mara iliyofuata ya kupulizia, niko peke yangu, nikasikia majani yanavunjika upande wa mpaka. Nikaona kanga imejibanza nyuma ya kichuguu.

“Somoe, toka hapo. Umande utakutia homa.”

Akatoka nusu. “Wako wapi?”

“Akina nani?”

“Wale.”

“Mmoja ndiye mimi. Mwingine ni njomba, baiskeli yake imepata pancha tena, amechelewa.”

Alinitazama, shuka, kitambaa, mwanzi, mfuko. Nikauona moyo wake unavyohesabu. Akasema kwa sauti ndogo, “Na mama yako?”

“Mama yangu yuko kaburini. Ulikuwepo siku ya kumzika. Ulinisaidia kuchota maji ya kumwoshea.”

Alisimama pale anavuta uzi wa kanga yake. Kisha akasema, “Hadija, maua yetu yameanza kuungua yote. Bakari anasema dawa ya Chimbuli bado haijashuka. Mimi nina watoto.”

Mwanangu, nilitaka kumfukuza. Nilikuwa na haki. Vigelegele vyake nilikuwa bado navisikia. Lakini nikafikiri: huyu ni mke wa Bakari. Huyu akisema aliona mwanamke na mfuko wa salfa, ataaminiwa kuliko mimi nikiapa mchana kutwa. Hasira yangu haitanipa shahidi kama huyu. Nikampa mwanzi. Akauliza, “Nishike wapi?”

Nikamwonyesha pa kushika.

Maua ya mkorosho hayatoki yote kwa pamoja. Yale ya kwanza ya Somoe yalikuwa yameshakufa, lakini kuna yaliyochelewa, na hayo tuliyawahi. Alikuwa anatoka nyumbani mumewe akiwa bado amelala, jambo ambalo halikuwa gumu. Wakati wa kuokota, shamba langu lilizaa, lile lililotabiriwa halitazaa, na upande mmoja wa shamba la Bakari ulizaa pia, ule upande wa mpakani. Watu waliona. Wengine walisema wembe haukufika vizuri. Wengine, wachache, wanawake hasa, walikuja kwangu kwa visingizio. Mmoja alikuja kuomba moto. Mmoja alikuja kurudisha ungo ambao sikumwazima. Wote macho yao yalikuwa kwenye mwanzi uliosimama kwenye ukuta. Niliwaeleza. Sikuwaeleza kwa tabasamu, nakiri. Niliwaeleza kama mtu anayetoa mwiba kwa nguvu, lakini niliwaeleza lote, sikuficha.

Msimu uliofuata, alfajiri, ukungu ukiwa haujaondoka, ungesimama njiani ungeona watu weupe wasio na nyuso kwenye mashamba huku na huku. Bakari aliwaona. Alikimbia kwa Salumu akasema, “Wamezaana!” Wakachangisha tena, safari hii kwa shida, Chimbuli akarudi na kioo chake.

Mkutano ukaitishwa pale pale ghalani. Chimbuli akageuza kioo, akasema anawaona shamba la Hadija, na shamba la yule, na shamba la yule. Kioo kikafika upande wa Bakari, akasita kidogo, lakini alishazoea kazi yake. “Na huku wapo.”

Bakari akaruka. “Huko ni kwangu!”

“Wapo,” akasema Chimbuli.

Somoe akapita katikati ya watu mpaka mbele. Alikuwa ametoka shambani muda si mrefu, nyusi zake zina unga. Akakaa kwenye kigoda, akavua mtandio. “Haya, Dokta. Anza na mimi. Ni mimi niliyekuwa huko, na mwanzi wangu, na salfa yangu. Ukimaliza kichwa changu, Hadija yule pale, kichwa chake umeshakizoea.”

“Somoe, ondoka hapo, unanitia aibu,” akasema Bakari.

“Aibu ya nini? Wewe si ndiye uliyemwita? Atunyoe.”

Mwanamke mwingine akaja akasimama nyuma yake, akavua mtandio. Yule wa ungo. Kisha yule wa moto. Mstari ukaanza kujipanga kama wa kusubiri maji bombani, na mmoja huko nyuma akauliza kwa sauti kama wembe ni huo mmoja au ameleta wa akiba, maana sisi ni wengi na jua linapanda. Kicheko kilichotoka pale, mwanangu, kilinifanyia kazi ambayo hakuna dawa iliyowahi kunifanyia. Chimbuli akatazama wembe wake. Salumu akakohoa, akasema mkutano umeahirishwa, na kwamba yeye kama mwenyekiti siku zote alikuwa na wasiwasi na jambo hili. Siku zote! Chimbuli akakunja mkeka wake, akafunga vitu vyake kwenye baiskeli, akaondoka bila kuaga, na hakuna aliyemsindikiza.

Shamba ni langu mpaka leo. Pale pale nimepanda na miche mipya, na binti yangu, yule aliyefukuzwa kisimani, ndiye anayeendesha mashine ya kupulizia. Somoe ni shoga yangu. Siku hiyo hiyo ya mkutano aliniomba radhi kwa vigelegele vyake, nikamwambia nimesikia, na ilinichukua muda mrefu zaidi kusema nimesamehe. Bakari yuko. Amezeeka, anacheza bao. Anaamini kwamba mandondocha niliwagawa, nikampa mkewe fungu. Anakula korosho za mandondocha hao bila kinyongo.

Usinielewe vibaya, ukafikiri nakwambia kwamba mwenye akili hashindwi. Kuna mwaka mvua ilikuja wakati wa maua, isiyo ya msimu, ikaosha salfa yote na kuozesha vishada. Nilifanya kila kitu sawasawa, nikapata kidogo. Niliumia kama mtu yeyote. Tofauti ni kwamba asubuhi yake nilikuwa najua la kufanya, na sikuwa nimegombana na jirani.

Naandika haya kwa sababu nawasikia mnavyoongea siku hizi, hata huko mjini, hata wenye vyeti. Duka halina wateja, nyota imeibiwa. Mtihani umegoma, kuna jicho la mtu. Gesi ya huku Mtwara ilisemwa itatutajirisha, wengine mkakaa mkisubiri itugongee mlango, na haikugonga, sasa mnatafuta aliyeizuia. Mnapeana namba za waganga zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme. Sina ubaya na dua. Mimi naswali, na jirani zangu wa kanisani wanasali, na bwana shamba yule wa Iringa alikuwa na msalaba shingoni. Dua ni yako na Mungu wako. Lakini dua haijawahi kumwambia mtu alale mpaka jua litoke.

Na kama utaniuliza, “Mama, mbona na wewe umewataja watu?” nitakujibu. Nimemtaja Bakari kwa alilolifanya kwa mdomo wake, na Salumu kwa alilolinyamazia, na Chimbuli kwa mkono wake ulioshika wembe. Waliyafanya mchana, watu wanaona. Kumwambia mtu alichokifanya ni kumpa mzigo wake aubebe. Kumtwika mtu mzigo uliouota usingizini, hilo ndilo walilonifanyia mimi. Vitu viwili hivyo usivichanganye kamwe. Na ukitaka kuwataja wengine, jitaje wewe kwanza: mimi nilikuwa nimeketi nyumbani wakati maua yangu yanapata unga. Hilo nalo lilikuwa kosa la mtu, na mtu huyo anaitwa Hadija.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Jambo lako likiharibika, kabla hujatafuta adui, lifuate lilipo, liinamie, ligeuze chini juu kama kishada kile cha maua, ulitazame likiwa bado dogo. Uliza anayejua, hata kama haongei lugha yenu. Fanya unaloweza mpaka liishe, na utashangaa jinsi lisivyoisha. Amua mwenyewe, ili likienda sawa ujue ulifanya nini, na likiharibika usimtafute wa kumsingizia. Ukifanikiwa, waonyeshe wenzako pa kushika, hata wale waliokucheka, maana ukifanikiwa peke yako utaogopwa, na mtu anayeogopwa hulala na viatu. Na siku ukipewa kiti cha kuongoza, mwanamke akija mlangoni kwako anatetemeka, usimuulize wewe utafanyaje.

Mungu akupe macho ya kuuona unga ukiwa bado kivuli. Akupe njomba wa kukukatalia jibu rahisi. Akukinge na wembe wa watu, na akukinge wewe usije ukaushika. Ukiamka alfajiri akukute na afya, na ukirudi nyumbani mikono yako iwe michafu na roho yako iwe safi. Amina, mwanangu. Nenda salama.